Sura ya 6: Makato Yanajuana, Haki Hazijuani

Mhudumu wa mkahawa katika hoteli ya Diani, kaunti ya Kwale, anayelipwa Sh20,000 kwa mwezi hukatwa Sh1,200 za hazina ya malipo ya uzeeni, NSSF, Sh550 za bima ya afya ya jamii, SHIF, na Sh300 za ushuru wa nyumba. Mwajiri naye huongeza Sh1,200 na Sh300 kutoka mfukoni mwake. Ushuru wa mapato haumgusi kwa sababu hajafika Sh24,000. Hesabu hii ni safi. Kila kato lina asilimia yake, michango ya NSSF na SHIF ina tarehe yake ya mwisho, siku ya 9 ya mwezi unaofuata, na fedha zote husafiri kwa kompyuta zikiwa zimefungwa kwenye kitambulisho cha mtu mmoja. Sasa igeuze hesabu, uulize upande wa pili. Mhudumu huyo amefanya kazi siku ngapi mwaka huu? Amejikusanyia siku ngapi za likizo? Je, bado ni kibarua, au sheria imekwisha kumhesabu mwajiriwa wa mwezi? Hoteli ikimpumzisha mwezi wa Mei, mkewe atalazwa katika hospitali ya Msambweni kwa bima ipi? Hakuna mfumo mmoja unaoyajibu maswali haya, ingawa majibu yake yote yamo katika kumbukumbu zile zile zilizotumika kumkata. Hoja ya sura hii ni kwamba teknolojia ya data iliyounganishwa imejengwa kuelekea upande mmoja tu, upande wa kukusanya. Itamfaa mfanyakazi wa Kwale siku itakapogeuzwa ifanye kazi na upande wa pili, kwa kumpa yeye mwenyewe daftari la kazi yake.

Haki zenyewe hazijakosekana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi 1, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kwisha kabla ya miezi 3, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Akitimiza miezi 2 tangu aanze, anastahili masharti yote ambayo angepata kama hangeanza kwa kibarua. Humo mna likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, mna ruhusa ya ugonjwa ya siku 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, mna miezi 3 ya uzazi kwa mshahara kamili. Kila moja ya haki hizi imetundikwa juu ya hesabu ya siku. Asiyeweza kuthibitisha siku zake hana haki, hata sheria iandikwe kwa wino wa dhahabu. Na hapo ndipo sheria yenyewe inapomwangusha mtu wa msimu. Kifungu cha 20 kinamlazimu mwajiri kutoa hati ya mshahara inayoonyesha kila kato, kisha kinamsamehe wajibu huo kwa kibarua na kwa yeyote aliyeajiriwa kwa muda usiozidi miezi 6. Yule anayehitaji ushahidi kuliko wenzake wote ndiye aliyenyimwa karatasi.

Pwani ya kusini ina mpangilio wa kazi unaolifanya pengo hili kuwa pana zaidi. Masika yanapoingia mwezi wa Aprili, wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga milango kwa ukarabati, na wafanyakazi wa mkataba hurudi Ukunda, Mwabungo, Gazi au Kinango kungoja kuitwa. Wanaoitwa Julai huenda wakapumzishwa Septemba na kuitwa tena Desemba. Katikati ya vipindi hivyo mtu hufanya kazi ya kupika katika nyumba ya kukodisha wageni, hulinda ploti, husaidia kwenye ujenzi, au huingia mashambani kukata miwa. Kwa mwaka mmoja anaweza kuwa na waajiri 4, na kila mmoja ana kitabu chake cha mahudhurio, jinsi yake ya kuandika jina, na kabati lake la karatasi. Mfanyakazi anahama, lakini kumbukumbu haihami. Kila anapoanza upya huhesabiwa mgeni, hata pale anaporudi kwenye hoteli ile ile, jikoni kule kule, chini ya mpishi mkuu yule yule. Mkataba ukikatwa vipande vifupi, jumla ya miaka ya utumishi haionekani popote, na mabishano yakifika mahakamani, mzigo wa kwanza wa mlalamishi ni kuonyesha kwamba aliwahi kuajiriwa na mshtakiwa.

Zamani hasara ya kumbukumbu mbovu ilikuwa ndogo kiasi cha watu kuipuuza. Kwa miaka mingi mchango wa NSSF ulikuwa Sh200 kwa mfanyakazi na Sh200 kwa mwajiri, kwa hivyo mwezi usiopelekwa ulimpotezea mtu Sh400. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Februari 2023, sheria mpya ya NSSF ya mwaka 2013 ikaanza kutekelezwa, na mchango ukawa asilimia 6 kutoka kila upande, chini ya ukomo unaopanda hatua kwa hatua. Kwa mhudumu wetu wa Sh20,000, mwezi mmoja usiopelekwa sasa ni Sh2,400, mara 6 ya hasara ya zamani. Tuseme anafanya kazi miezi 8 kwa mwaka na miwili kati yake haifiki kwenye hazina. Hiyo ni Sh4,800 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni Sh96,000 kabla hata ya kuhesabu faida ambayo fedha hizo zingezaa. Aidha, sheria hiyo inamruhusu mwajiri kupeleka sehemu ya pili ya mchango kwenye mfuko mwingine wa pensheni ulioidhinishwa na Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni. Kwa mtu wa mwajiri mmoja maisha yake yote, ruhusa hiyo haina neno. Kwa mtu wa waajiri wengi, akiba ya uzeeni inaweza kulala katika mifuko mitatu minne ambayo haijui kwamba inamhudumia mtu mmoja. Wahenga wa pwani walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hawakuwa wakiwasema wafanyabiashara peke yao.

Mtu anaweza kudhani kwamba kuziba pengo hili kunahitaji mitambo mipya ya mabilioni. La. Data nyingi tayari ipo. Hoteli kubwa hupokea wafanyakazi wake langoni kwa mashine ya alama za vidole, na saa ya kuingia na kutoka hubaki kwenye kompyuta. Rosta ya zamu huonyesha nani alikuwa jikoni na nani bustanini. Mishahara mingi hupitia benki au M-Pesa, ambayo tangu ianze mwaka 2007 imewazoesha Wakenya kwamba hela ikisogea, pande zote mbili hupata ujumbe papo hapo. Mamlaka ya ushuru hupokea orodha ya wafanyakazi kila mwezi, NSSF hupokea yake, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, yake. Kinachokosekana ni viungo vitatu. Cha kwanza ni taarifa ya kuanza na kumaliza kazi, ikifungwa kwenye nambari moja ya mfanyakazi badala ya nambari ya mwajiri. Cha pili ni ujumbe unaomfikia mfanyakazi mchango wake unapoingia kwenye hazina, na, kilicho muhimu zaidi, ujumbe mwingine tarehe 10 endapo ya 9 imepita bila kitu kuingia. Cha tatu ni kihesabu siku kinachojumlisha vipindi vya kazi na kumjulisha mfanyakazi, mwajiri na afisa wa kazi pale mtu anapovuka kiwango cha sheria. Ni kweli kwamba leo mwanachama wa NSSF anaweza kuangalia michango yake mwenyewe kwa simu. Lakini kuangalia ni kazi ya mtu aliyekwisha kushuku. Ujumbe unaokuja wenyewe humfikia hata yule anayemwamini mwajiri wake.

India ilikumbana na tatizo la aina hii kwa kiwango kikubwa mno. Kila mfanyakazi alipohamia kwa mwajiri mpya, alifunguliwa akaunti mpya ya akiba ya uzeeni, na akaunti za zamani zikabaki zimelala. Oktoba 2014 hazina ya nchi hiyo ikaanzisha nambari moja ya maisha, ambayo mfanyakazi huibeba kutoka kiwanda hadi kiwanda, na akaunti zote hukusanywa chini yake. Wazo hilo halikumwongezea mtu hata rupia moja ya mshahara, ila lilihamisha umiliki wa kumbukumbu, maana mwanachama aliweza kuona nani amemchangia na nani hajamchangia. Lakini uzoefu huo wa India una somo la pili. Nambari hiyo ilipofungamanishwa na kitambulisho cha taifa cha alama za mwili, watu wengi walikwama kudai fedha zao kwa sababu jina liliandikwa hivi kwenye kitambulisho na vile kwenye leja ya kiwanda, au tarehe ya kuzaliwa ilipishana. Kwale kosa hilo halihitaji kubuniwa. Mtu mmoja ni Mwanasiti kwenye kitambulisho, Mwana Siti kwenye rosta, na Siti kwenye kadi ya zahanati. Mfumo unaounganisha data bila kumweka afisa mwenye mamlaka ya kusahihisha, anayefikika bila nauli ya Nairobi, utageuza tofauti ya nafasi moja kati ya herufi kuwa miezi ya kungoja.

Upande wa afya unaonyesha vizuri zaidi jinsi mfumo unavyoweza kuwa wa kisasa na bado usimjue mtu wa msimu. Tangu Oktoba 2024, SHIF ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake kila mwezi, bila kupungua Sh300. Asiye na mshahara hukadiriwa uwezo wa kaya yake kwa maswali ya nyumba anamoishi na mali aliyo nayo, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Utaratibu huu umegawa Wakenya makundi mawili, wa mshahara na wasio nao, kana kwamba hakuna anayeishi katika yote mawili ndani ya mwaka mmoja. Mhudumu wa Diani ni wa kundi la kwanza Januari na wa kundi la pili Mei. Anapofunguliwa mlango wa kundi la pili, ndipo mfuko wake umekauka, na mpango wa kukopeshwa mchango ili alipe polepole humwongezea deni katika mwezi usio na kipato. Mfumo uliounganishwa vyema ungefanya jambo jepesi zaidi. Ungeona kwamba huyu ni mtu wa miezi 8, ungemruhusu mwenyewe akubali kukatwa kidogo zaidi wakati wa msimu, na ungeieneza ziada hiyo juu ya miezi 4 ya ukame bila kumlazimisha ajisajili upya.

Hapo hapo kuna hatari, na Australia imekwisha kulipa gharama ya kuidharau. Katika miaka ya baada ya 2015 serikali ya nchi hiyo ililinganisha kwa kompyuta kumbukumbu za ushuru na za misaada ya jamii, ikachukua kipato cha mtu cha mwaka mzima na kukigawa sawasawa juu ya kila wiki mbili. Aliyefanya kazi miezi michache na kupokea msaada miezi aliyokosa kazi akaonekana kuwa alikuwa na mshahara mwaka wote, na akatumiwa barua ya deni ambalo hakuwa nalo. Serikali hatimaye ilikiri kwamba msingi wa madeni hayo haukuwa halali, fedha zikarudishwa, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti kali Julai 2023. Walioumia zaidi ni watu wa kazi za vipindi, yaani wenzao wa vibarua wa Ukunda. Kwa hiyo kuunganisha data pekee si fadhila. Wastani wa mwaka hudanganya kuhusu mtu wa msimu, na mfumo wowote utakaojengwa kwa ajili ya pwani lazima uhesabu mwezi kwa mwezi, umpe mtu nafasi ya kupinga kabla ya kuchukuliwa hatua, na usiiruhusu kompyuta peke yake kumtangaza mtu kuwa mdaiwa.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wanaosema kwamba haya yote ni kuzunguka mbuyu. Shida, wanasema, ni mishahara midogo na waajiri wasiotaka kutii, wala hakuna programu inayoweza kumpa mtu moyo wa haki. Nakubali nusu ya kwanza: hakuna data itakayoifanya Sh20,000 itoshe. Nusu ya pili inasahau jinsi utii unavyopatikana. Mwajiri hapeleki taarifa ya ushuru kwa sababu ana moyo mwema kuliko jirani yake. Huipeleka kwa sababu asipopeleka itajulikana, na itajulikana haraka. Michango ya wafanyakazi hubaki palepale kwa sababu kuchelewa kwake hujulikana baada ya miaka, mtu anapofikisha umri wa kustaafu, wakati kampuni imeuzwa na mhasibu amehama. Madai ya ajira yenyewe yana muda wa miaka 3 tu tangu kosa litokee. Ujumbe wa tarehe 10 hupunguza umbali kati ya kosa na kugunduliwa kwake, kutoka miaka hadi siku moja, na huwapa wafanyakazi wote wa hoteli taarifa ile ile asubuhi ile ile. Chama cha wafanyakazi, KUDHEIHA, kikiingia kwenye mazungumzo na waajiri wa hoteli kikiwa na orodha kama hiyo, hakitahitaji kubahatisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la faragha. Daftari linalomfuata mtu maisha yake yote linaweza kugeuzwa kuwa faili la kumfungia milango. Meneja wa hoteli ya Galu akiweza kuona kwamba mwombaji kazi aliwahi kudai fidia ya kuumia, au alichukua likizo ya uzazi mara mbili, au alilalamika kwa afisa wa kazi, basi tumemjengea mfanyakazi gereza kwa jina la kumtetea. Kenya haianzi mahali pakavu katika jambo hili. Ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na kamishna wa kuisimamia, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma kwa sababu serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa faragha ya watu. Jibu, basi, ni kuweka mpaka ndani ya mfumo wenyewe: mwajiri aone alichokiingiza yeye tu, hazina ione michango, hospitali ione kama bima ni hai, na mfanyakazi peke yake aone vyote kwa pamoja na ajue nani mwingine amefungua ukurasa wake. Isitoshe, atakayeogopa kwamba kihesabu siku kitawafanya waajiri wawafukuze watu siku ya 29 anasahau kwamba mchezo huo unawezekana hata leo, gizani. Kumbukumbu inayoonyesha mtu yule yule akifukuzwa na kurudishwa mara 6 kwa mwaka ni ushahidi ambao leo haupatikani.

Pingamizi la tatu limezaliwa Kwale kwenyewe. Wamakonde waliokuja kutoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na wazao wao, waliishi miongo kadhaa bila uraia. Walitambuliwa baada ya kutembea kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016. Wapemba wa pwani ya Kenya walisubiri hadi 2023. Kwa miaka yote hiyo, asiye na kitambulisho hakuweza kufungua akaunti ya NSSF wala kusajili laini ya simu kwa jina lake, hata kama mikono yake ndiyo iliyokata muwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, kumbukumbu za kiwanda ndizo zilizokuwa kumbukumbu za maisha ya kazi ya watu wengi. Historia hii inamwonya anayetaka kufunga kila haki kwenye nambari moja ya taifa: nambari ikikosekana, haki zote hukosekana kwa mpigo. Kwa hiyo mfumo lazima upokee siku za kazi hata za mtu ambaye kitambulisho chake bado kinashughulikiwa, ukizihifadhi chini ya jina, alama na mwajiri wake, kisha umkabidhi zote siku atakapotambuliwa. Kazi imekwisha kufanywa, na kuchelewa kwa serikali kusiifute.

Kuna pia wanaowasikitikia waajiri wadogo, wenye nyumba za wageni zenye mpishi mmoja na askari wawili, ambao hawana mhasibu. Hao wasitwikwe programu za hoteli kubwa. Kwao inatosha huduma ya simu isiyohitaji intaneti, ambapo mshahara, michango na taarifa ya siku za kazi hutumwa kwa muamala mmoja, na mpishi hupokea ujumbe wa vyote. Watakaorahisishiwa hivyo watakuwa na udhuru mdogo wa kukwepa kuliko leo, wanapotakiwa kujisajili katika ofisi tatu kwa ajili ya mtu mmoja.

Kufungwa kwa uchimbaji wa titani Desemba 2024, baada ya takribani miaka 11 ya uzalishaji, kumewarudisha sokoni watu wengi wa Kwale waliokuwa na mishahara ya kila mwezi, na baadhi yao wataingia kwenye kazi za msimu ambazo sura hii imezieleza. Hawa wamezoea hati ya mshahara. Wengine wa Diani hawajawahi kuiona. Hakuna haja ya kungoja mfumo wa taifa ukamilike ndipo tofauti hiyo ianze kupungua, kwa sababu hatua mbili zinaweza kuchukuliwa katika makubaliano ya pamoja yajayo kati ya chama na waajiri wa hoteli. Ya kwanza ni kwamba kila mfanyakazi wa msimu, hata wa mwezi mmoja, apate hati ya mshahara kwenye simu, ingawa sheria haimlazimu mwajiri kumpa. Ya pili ni kwamba mkataba unapokwisha, akabidhiwe muhtasari wa siku alizofanya na michango iliyopelekwa, kwa namna ambayo mwajiri anayefuata na hazina wanaweza kuuthibitisha. Bunge likifuata kwa kufuta msamaha wa kifungu cha 20, vyema zaidi. Mpangilio huo wa hatua una sababu yake. Mfumo wa kukusanya ulianza juu, ukashuka. Mfumo wa haki ukianza vile vile, utaishia kuwa dirisha jingine la serikali kumtazama mfanyakazi. Ukianza mkononi mwake, kila ofisi itakayojiunga nao baadaye itakuta daftari ambalo tayari lina mwenyewe.